Kibao Namba 1147

Jumatatu, Machi 2
Mvua ya kwanza ya msimu imeshuka leo, na leo hiihii nimepata tenda yangu ya kwanza ya halmashauri tangu nifungue karakana. Vibao elfu mbili vya leseni za mbwa. Alumini, upana wa vidole viwili, tundu moja, namba moja kila kibao, kuanzia 1 hadi 2000. Mia tisa kwa kimoja: alumini mia tatu na hamsini, pete hamsini, jasho langu mia tano. Mkataba unataka nitunze daftari la kila siku, vilivyotoka na vilivyoharibika, maana vibovu navyo vinarudishwa kwa hesabu. Basi humuhumu nitaandika na mengine. Daftari nimenunua kwa pesa yangu.

Machi 3
Vibao 140. Vibovu 6. Mihuri ya namba bado migeni mkononi.

Machi 5
Tangazo limebandikwa mlango wa ofisi ya mtaa. Kuanzia Aprili 1 kila mbwa awe na leseni, elfu thelathini kwa mwaka. Asiye na kibao shingoni atachukuliwa na gari, na mwenyewe asipomkomboa ndani ya siku saba, habari yake imekwisha. Nilisimama kwenye matope nikagawa: elfu thelathini kwa mia tisa, mara thelathini na tatu na ushee. Hata mimi sijawahi kumlalia mteja hivyo.

Watu walinung'unika. Muuza mkaa alisema mbwa wake hajala chakula cha elfu thelathini tangu azaliwe. Mwenye duka la dawa, ambaye ana dume la kahawia lenye kifua kama cha mlinzi wa benki, alimjibu kwamba asiyeweza kulipa asifuge, kwani nani kamlazimisha? Nikamuunga mkono, tena kwa sauti. Nimeumwa na mbwa mara mbili nikiwa naezeka mapaa ya watu, na mara zote mwenye mbwa aliniambia huwa hang'ati. Nikaongeza kwamba mimi nilianza na mikono mitupu na sijawahi kufuga kisichoniingizia kitu. Watu wakacheka.

Nilipofika nyumbani ndipo nikamkumbuka Meneja.

Jumapili, Machi 8
Kama karani wa halmashauri atasoma daftari hili, anisamehe, lakini jambo hili lina hesabu yake.

Dada yangu mkubwa ni dobi. Masikio yalimwishia miaka tisa iliyopita baada ya homa ya uti wa mgongo. Mdomo ulibaki, na ukali wake. Sisi tuliomzoea anatusoma midomo. Kwa maneno mazito tunaandika kwa chaki kwenye kibao cha shule alichokitundika ukutani. Anafua na kupiga pasi nyumbani kwake, vyumba viwili na uwanja, mtaa wa pili kutoka kwangu.

Zamani mteja alikuwa anabisha hodi getini mpaka mkono unauma, Dada kamgeuzia mgongo na pasi yake ya mkaa. Mteja anaondoka na nguo zake. Mwaka mmoja mwizi aliingia mchana kweupe akaanua mashati kumi na moja kwenye kamba, hatua nne nyuma ya kisogo chake. Aliyalipa yote.

Kisha akaja Meneja, jike jeupe la mbwa lenye sikio moja jeusi, alikuja mwenyewe kipindi cha njaa na hakuondoka. Hakuna aliyemfundisha. Mtu akigusa geti, anakwenda kumgusa Dada goti kwa pua, halafu anatazama mlangoni. Akisha kumwonyesha mteja, anarudi kulala chini ya meza. Dada alimpa jina hilo kwa sababu, anasema, ndiye pekee pale anayelala kazini na bado biashara inakwenda. Anamlisha utumbo na mabaki, elfu sita kwa mwezi. Tangu Meneja aje, mashati yamepanda kutoka ishirini hadi arobaini kwa siku, mia tatu kila shati. Sijui mfanyakazi mwingine wa bei hiyo.

Elfu thelathini ni mashati mia moja.

Machi 12
Nilipeleka vibao mia sita, nikaingia na kwa karani wa leseni. Binti mdogo, rika la kitinda mimba wangu, kalamu mbili kwenye nywele. Nikamweleza habari za Dada, nikauliza kama hakuna msamaha. Akanionyesha fomu: kuna kisanduku cha mbwa wa polisi, kuna cha kampuni za ulinzi, wengine wote ni mbwa wa kufuga tu. Nikamwambia huyu hafugwi, anafanya kazi. Akasoma fomu yote tena, kwa kidole.

"Mzee, hapa hakuna kisanduku cha kumgusa mtu goti."

Hakuwa ananidhihaki, naona sasa nikiandika. Pale ofisini niliona kama ananicheka. Alinipa fomu nikaikunja bila kuisoma.

Machi 13 hadi 19
Mvua kila siku kuanzia saa nane. Vibao 1,020 hadi leo. Vibovu 31.

Jumapili, Machi 22
Dada kanipa elfu thelathini. Alizihesabu mezani mbele yangu, noti ndogondogo zenye harufu ya mkaa, akasema nenda wewe kamlipie Meneja, wewe unajuana nao. Nikamwambia nitamlipia mimi. Hakutaka hata kumaliza kuusoma mdomo wangu, akageuza uso. Hiyo ndiyo njia yake ya kufunga mjadala, na huwezi kumpigia kelele.

Juu ya meza ya pasi paa linavuja. Kaweka beseni.

Jumatatu, Machi 23
Nilisimama kwenye foleni ya leseni dakika arobaini. Mbele yangu alikuwa muuza chai. Alitoa elfu thelathini, karani akafungua boksi, boksi langu, akatoa kibao, kibao changu. Niliuona mguu wa ile saba ulivyoinama kidogo, maana muhuri wangu wa saba una kasoro. Kitu nilichokikata mwenyewe na kukigonga mwenyewe kwa mia tisa. Muuza chai akakipokea kwa mikono miwili.

Mimi ninunue kibao changu mwenyewe? Mara thelathini na tatu? Nikatoka kwenye foleni.

Machi 24
Vibao 150. Namba 1147 tundu lilikwenda pembeni, nikagonga nyingine. Vibovu leo 4, nimeandika 3.

Nimenunua mabati mawili, elfu kumi na nne na mia tano kila moja, na misumari ya elfu moja. Jumla elfu thelathini kamili.

Machi 26
Nimeezeka juu ya meza ya Dada, ufundi bure. Beseni limeondoka. Nikamvisha Meneja kibao. Tundu la pembeni halionekani ukishatia pete. Dada akaniuliza bati nani kalipa, nikasema mimi. Akauliza leseni, nikasema tayari. Alinishika shavu kama enzi zile nikiwa na miaka saba na yeye ndiye ananiogesha.

Sioni nilipokosea. Fedha yake imerudi kichwani kwake, kwa maana halisi ya neno. Wakaguzi wanaangalia shingo, hawaangalii kitabu. Mbwa analindwa na kibao halali cha alumini halali, na halmashauri imekosa faida ambayo haikuitolea jasho.

Nyumbani mke wangu kaniuliza kama nimelipa. Nikamjibu, kibao si kipo shingoni?

"Sijauliza shingo," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Jumatano, Aprili 1
Gari la mbwa limeanza kuzunguka. Pikapu ya kijani, wavu nyuma. Mvua haikulizuia.

Aprili 4
Limepita kwa Dada. Mkaguzi akashika kibao, akakigeuza kwa kidole gumba, akasema mama uko sawa, akaondoka. Nilikuwa pale, nanywa chai. Nilicheka peke yangu njia nzima.

Aprili 7
Vibao vyote 2,000 vimekabidhiwa. Vibovu vilivyorudishwa 58. Karani alivihesabu mara mbili, akanipa mkono, akasema kazi nzuri, Mzee, namba zinasomeka. Nilimshukuru huku nikitazama kalamu zake.

Aprili 11
Gari tena. Meneja kapita.

Aprili 19
Wamemchukua mbwa wa muuza mkaa. Leo ni siku ya nane. Nilimwona anasukuma mkokoteni peke yake kwenye maji, na kila baada ya hatua kadhaa anageuka kutazama nyuma kushoto, pale mbwa alipokuwa akitembea. Nilimsalimia. Akaniitikia vizuri tu. Nilitamani asingeitikia, maana nakumbuka nilisema nini pale mlangoni pa ofisi, na yeye alikuwa ananitazama.

Elfu thelathini kwake ni magunia mangapi? Nilianza kupiga hesabu nikaacha.

Aprili 22
Mvua. Nilishinda nakata mifereji ya maji.

Jumatatu, Aprili 27
Nimekwenda kwa Dada jioni nikamkuta amechangamka, anasimulia kwa mikono na mdomo. Asubuhi mbwa mgeni, mwembamba, ute unamtiririka, alijipenyeza chini ya geti. Dada alikuwa amegeuka. Alijua tu pale Meneja alipompita miguuni kama risasi, si kumgusa goti safari hii. Wakapigana katikati ya mabeseni. Meneja akamtoa mpaka barabarani. Baadaye huyo mgeni akaingia uwanja wa duka la dawa, wakapigana na lile dume, na watu wakampiga mawe akafa.

Sikio jeusi la Meneja limechanika. Dada kaliosha kwa sabuni, kwa mikono yake ambayo majivu na magadi yameijaza nyufa. Anasema mfanyakazi kama huyu anastahili nyongeza ya mshahara.

Nililitazama lile sikio. Nilijua kuna la kufanya na lilikuwa linajulikana: kwenda kwa daktari wa mifugo sasa hivi. Lakini daktari angefungua kitabu. Nikamwambia Dada kidonda ni kidogo.

Aprili 28
Mvua imegonga mabati kutwa. Sikwenda kokote.

Jumatano, Aprili 29
Naandika yote, kwa mpangilio, maana kichwani hayapangiki.

Yule mbwa aliyeuawa kichwa chake kilipelekwa kupimwa, ni kichaa cha mbwa. Asubuhi daktari wa mifugo na karani walianza kupita nyumba kwa nyumba, na safari hii walibeba kitabu. Kwa Dada walifika saa nne. Meneja mwenyewe ndiye aliyemgusa Dada goti kumwambia kuna wageni. Walitazama kibao, wakatazama kitabu, wakatazama sikio. Walimwandikia Dada kwamba wanamchukua mbwa kwa uchunguzi. Dada aliwaonyesha kibao na kuwaambia leseni imelipwa na mdogo wake, waniulize. Akawafungia Meneja kamba kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa mbwa hakutaka kushikwa na mgeni.

Mpangaji wa jirani alinikimbilia karakana. Nikachukua elfu themanini, thelathini za leseni na hamsini nilizokadiria za faini, nikakodi pikipiki.

Karani alikuwa amekaa barazani kwa daktari, kitabu magotini. Nikaweka fedha juu ya kitabu kabla hata ya salamu. Hakuzigusa. Akanisomea: namba 1147, dume, kahawia, wa duka la dawa. Akatoa kile kibao mfukoni na kunionyesha tundu, kisha mguu wa ile saba.

"Huu ni mkono wako, Mzee."

Nikasema nitalipa, na faini mara mbili kama wanataka, wanipe mbwa. Daktari akatoka ndani anafuta mikono. Mtu mzima, mpole, nimewahi kumwezekea banda la kuku. Aliniuliza kama niliisoma fomu. Nikasema niliisoma. Akaniuliza ukurasa wa pili unasemaje.

Basi akanieleza. Ndani ya ile elfu thelathini, elfu kumi na nane ni chanjo. Elfu saba ni dawa ya minyoo na kumpima mara mbili kwa mwaka. Kilichobaki, elfu tano, ndicho kibao, kitabu, mshahara wa karani na mafuta ya lile gari. Mimi nilijua bei ya bati tu. Nimejenga nyumba mbili kwa kutoamini karatasi ya mtu mpaka niipigie hesabu, na hii sikuigeuza hata upande wa pili.

Nikauliza dume la duka la dawa liko wapi. Akasema liko kwao. Limeumwa na mbwa huyohuyo, lakini lilikuwa na chanjo, kwa hiyo limechomwa nyingine na litaangaliwa hapohapo nyumbani.

"Na huyu wetu?"

"Asiye na chanjo akishaumwa, sheria ni moja," akasema. "Nimeshamaliza. Hakuumia."

Karani alikuwa amejiinamia. Machozi yalidondokea kitabu, akayafuta kwa kiganja haraka, wino usisambae. Huyu ndiye niliyedhani alinicheka. Alisema neno moja tu, kwamba Dada naye lazima achomwe sindano, leo, kwa ajili ya ile mikono. Nikazikusanya pesa zangu.

Aprili 29, nyongeza
Nilimpeleka Dada zahanati. Sindano nne kwa jumla, elfu ishirini na mbili kila moja. Hakuuliza bei. Aliuliza Meneja anarudi lini. Nikageuza uso, njia yake mwenyewe ya kufunga mjadala.

Mei 1
Nilimwandikia kwamba Meneja amekufa. Niliandika hivyo, amekufa. Alikaa kitako juu ya pipa la maji. Halafu akasema anataka risiti ya leseni. Jumatatu atakwenda halmashauri mwenyewe awaulize ni sheria gani inayochukua mbwa aliyelipiwa, na kama hawana mtu wa kumwandikia, atasimama pale mpaka apatikane.

Nikasema nitaitafuta.

Mei 2
Mke wangu anajua. Sijamwambia, alijua tangu mchele ule. Alisema unapenda hesabu kuliko unavyopenda jibu lake. Nikamwambia anyamaze. Akanyamaza, ikawa mbaya zaidi.

Jumapili, Mei 3
Nimemwambia.

Kwa mdomo nilishindwa. Nikachukua kibao cha shule ukutani nikaandika: Sikulipa. Alisoma, akanitazama, akataka niandike fedha yake ilikwenda wapi. Sikuandika. Nilinyoosha kidole juu, kwenye mabati. Mvua ilikuwa inapiga kwa nguvu, nikawa mimi peke yangu ninayeisikia.

Aliyatazama mabati muda mrefu. Niliandika haraka, nikafuta, nikaandika tena: kwamba vile vibao navitengeneza mimi, kwamba ni mia tisa, kwamba nilitaka kumwokolea fedha, kwamba sikujua kuhusu chanjo. Kila nilipofuta, vumbi la chaki lilianguka kwenye shati la mteja, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu hakunigombeza kuhusu shati la mteja.

Alipozungumza hakupandisha sauti. Siku hizi hajui sauti yake ikoje, lakini hiyo ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayeagiza sukari.

"Mimi ni kiziwi, mdogo wangu. Siyo mjinga. Ungeniambia bei ya bati na bei ya sindano, ningechagua mwenyewe."

Nikataka kumshika mkono. Akauweka nyuma.

"Mkasi wako wa kwanza wa bati nilikununulia mimi," akasema. "Uliniambia ni elfu tisa. Sikwenda kuuliza dukani."

Ni kweli. Nimewasimulia watu miaka ishirini kwamba nilianza na mikono mitupu, na nilikuwa nimeshaanza kuamini.

Mei 6
Sindano ya pili. Alikwenda peke yake. Nilimkuta muuguzi akaniambia amekwisha ondoka, na kwamba alilipa mwenyewe.

Mei 9
Nimemtengenezea kitu. Waya kutoka getini hadi mezani, na mwisho wake kipande cha bati nyekundu. Mtu akisukuma geti, bati linanyanyuka mbele ya macho. Nimejaribu mara kumi na mbili, limenyanyuka mara kumi na mbili. Nilimfungia akiwa sokoni.

Mei 12
Nimelikuta lile bati nje ya geti langu. Waya umeviringishwa vizuri, skurubu zote nane ndani ya kopo. Hakukosekana hata moja.

Mei 15
Karani alipita karakana. Tenda ya mwakani sitapewa, na hilo nilikuwa nalijua tayari. Lakini hajanipeleka polisi. Alikuja kuniambia kuna mtoto wa mbwa, ameshachanjwa, na leseni yake atailipa yeye kwa mshahara wake. Alikwisha mpelekea Dada asubuhi. Dada alimshukuru, akampa chai, akamwambia amrudishe mtoto wa watu kwa mama yake. Karani alisema labda bado ni mapema. Nikamwambia labda.

Mei 19
Kamba ya Dada ina mashati kumi na manne. Nilihesabu kwa mbali, nikipita.

Mei 21
Mashati tisa. Mwenye duka la dawa aliniambia alibisha hodi robo saa akakata tamaa, sasa anapeleka nguo kwa dobi wa stendi. Dume lake lilikuwa limekaa miguuni pake, limenenepa, na kibao shingoni chenye tundu katikati kabisa. Anasema ile leseni ni pesa aliyoitumia vizuri kuliko zote mwaka huu. Nikakubaliana naye, kwa sauti ndogo.

Mei 24
Dada amehamisha meza. Ameitoa chini ya yale mabati mapya, ameiweka kizingitini, imetazama geti. Pale hakuna paa la maana. Anapiga pasi akiwa ameinamia nguo ili zisilowe, na maji yanamshukia mgongoni. Kila baada ya mikunjo miwili anainua kichwa kutazama kama kuna mtu. Nilihesabu: shati lililokuwa linamchukua dakika nne sasa ni saba.

Jumapili, Mei 31
Mvua imepungua, ni manyunyu tu. Nilichukua mashati yangu mawili na suruali ya kazi, zote chafu kweli, sikutunga, nikaenda kama mteja mwingine yeyote. Mkononi nilishika mia tisa kamili: mashati mia sita, suruali mia tatu. Geti lilikuwa limefungwa kwa komeo la ndani. Sikubisha, ya nini. Nilisimama mahali atakaponiona.

Alimaliza kola. Akainua kichwa.

Tulitazamana, hatua kama kumi hivi. Nikanyanyua nguo kumwonyesha. Midomo yangu ilisema Dada, polepole, aione kila herufi.

Akainamisha kichwa, akachukua shati jingine.